Stanti za Kuchekesha: Mwendo, Kamera na Kicheko (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Ukurasa huu ni wa wanaopiga picha za stanti za kuchekesha, wanaozihariri, na wale wanaozipenda tu na kutaka kujua kwa nini anguko moja linavunja mbavu na jingine linapita kavu. Tukisema stanti tunamaanisha kitendo cha hatari, au kinachoonekana cha hatari, kinachofanywa na mwili wa mtu mbele ya kamera: kuanguka, kuruka, kugongwa, kuning'inia, kukimbizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Mengine hayahitaji zaidi ya sentensi chache.

Stanti ya kuchekesha inatofautianaje na ile ya kusisimua?

Kitendo chenyewe kinaweza kuwa kile kile. Tofauti iko katika kile mtazamaji anachopewa akitazame. Kwenye stanti ya kusisimua tunatazama ukubwa wa hatari na ujasiri wa steringi. Kwenye ya kuchekesha tunamtazama mtu na mpango wake: alitaka nini, alidhani kitatokea nini, na badala yake kimetokea nini.

Katika filamu ya The Fall Guy ya mwaka 2024, dereva wa stanti Logan Holladay alibiringisha gari mara nane na nusu kwa mpigo mmoja, akaweka rekodi ya dunia. Ukiiona unashika pumzi, kisha unaiachia. Hucheki, wala hukuombwa ucheke. Sasa mpe mtu ngazi ndefu begani, aitwe jina kutoka nyuma, ageuke kuitika, na ncha ya ngazi impitie mwenzake kisogoni. Rekodi hapo hakuna, lakini ukumbi mzima unaangua kicheko, kwa sababu kila aliyetazama ameona ngazi ilivyo ndefu, ameona mwenzake alivyosimama, na amejua sekunde moja kabla ya wahusika wenyewe.

Kwa hiyo usihangaike kuikuza stanti ili ichekeshe. Hangaika iwe wazi.

Kwa nini mtu akianguka tunacheka badala ya kumhurumia?

Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba kicheko kinahitaji moyo uingie ganzi kwa kitambo kidogo, na kwamba tunacheka pale kiumbe hai anapojiendesha kama mashine. Mtu amezoea kukuta kiti mahali fulani. Kiti kimeondolewa, lakini mwili bado unakwenda kuketi, kwa mazoea tu, puu! Akili haikuwepo, mazoea ndiyo yaliyoketi.

Kwa mwongozaji hayo ni maagizo ya kazi. La kwanza, yaonyeshe mazoea kabla ya kuyavunja: mtu aketi vizuri kwenye kiti hicho mara moja au mbili. La pili, mtafutie mtazamaji ile ganzi, yaani ajue upesi kwamba aliyeanguka ni mzima. Njia iliyo salama kuliko zote ni kumwacha ainuke ndani ya shoti (kipande cha picha kisichokatwa) ile ile aliyoangukia. Ukikata kabla hajatikisika, unamwachia mtazamaji swali moyoni: ameumia? Na swali hilo hula kicheko chote.

Kamera ikae wapi wakati wa stanti?

Ikae mbali kiasi cha kuuona mwili mzima, utosini hadi nyayoni, pamoja na kile kitakachomdhuru. Hili ndilo jibu tunalolirudia kuliko yote, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Kanuni hii ina umri sawa na sinema yenyewe. Katika onyesho la ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, jijini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, mlikuwa na filamu fupi isiyofika hata dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia kwa mpira. Kijana ananyemelea kwa nyuma, anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira kuona kulikoni. Kijana anainua mguu, maji yanamlipukia mzee usoni. Kamera haisogei hata kidogo. Kijana anapotimua mbio, mtunza bustani anamkamata na kumburura hadi karibu na kamera ndipo amchape, kana kwamba wote wawili wanajua kwamba jambo lisilo ndani ya picha halijatokea.

Angalia kilichomo ndani ya fremu hiyo: mguu unaokanyaga na mdomo wa mpira uliokauka, chanzo na matokeo, vyote kwa pamoja. Ungeupiga mguu peke yake, kisha uso peke yake, mtazamaji angelazimika kuviunganisha mwenyewe kichwani. Mtu aliye katikati ya kupiga hesabu hana nafasi ya kucheka.

Miaka 33 baadaye, katika filamu ya Steamboat Bill, Jr., mchekeshaji wa sinema ya kimya Buster Keaton alisimama mbele ya nyumba huku upepo wa kimbunga ukivuma, na ukuta wote wa mbele ukamwangukia. Ulikuwa ukuta wa kweli, mzito wa kuua, na alipona kwa sababu alisimama sawasawa mahali dirisha lililo wazi lilipoangukia. Kamera iko mbali, imetulia. Tunaiona nyumba nzima, tunamwona mtu mdogo chini yake, tunaliona na dirisha. Kamera haimsogelei, haimwonyi, haimhurumii. Ingesogea hata hatua moja kumfuata, ingekuwa imeshatoboa siri. Kamera iliyotulia haina habari na kinachokuja, na kutokuwa na habari huko ndiko kunakochekesha, kwa sababu kunafanana na uso wa Keaton mwenyewe, uso usiocheka wala kushtuka.

Kuhusu pembe: usawa wa macho unafaa mara nyingi. Kamera ya juu inafaa pale ramani ya mahali ndiyo kichekesho, kwa mfano watu wawili wanaotafutana wakizunguka jengo moja bila kukutana. Kamera ya chini humkuza mtu akawa shujaa, na shujaa si rahisi kumcheka.

Kwa hiyo picha ya karibu haina kazi?

Ina kazi kubwa, ila si wakati wa pigo. Ni ya kabla na ya baada. Kabla ya pigo, uso unatuambia mtu anataka nini: ameiona ngazi, ameiamini ngazi, anapanda. Baada ya pigo, uso unatuambia ameelewa nini. Pigo lenyewe ni la mwili, na mwili unahitaji nafasi.

Uso wa mtu wa pembeni una thamani ya pekee. Anguko likishaonekana lote, kata kwenye uso wa mpita njia aliyelishuhudia na ambaye sasa hajui amsaidie mtu huyu au ajifanye hakuona. Mara nyingi kicheko cha pili, kilicho kirefu kuliko cha kwanza, hutoka hapo. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kukata kwenda kwa shahidi mapema mno, anguko likiwa katikati. Mhariri anafanya hivyo akitafuta uhai, naye anaukata uhai wenyewe.

Mnaposema "mwendo" mnamaanisha kasi?

Kasi ni sehemu yake tu. Stanti moja ina saa tatu zinazotembea kwa pamoja. Ya kwanza ni kasi ya mwili: mtu anakimbia, anajikokota au amesimama. Ya pili ni kasi ya mikato: picha inabadilika mara ngapi. Ya tatu, inayosahaulika, ni kasi ya habari: mtazamaji anajua nini, na amekijua lini.

Saa hizo tatu zikienda sawa, picha inakuwa ya kusisimua: mwili mbio, mikato mbio, habari mbio. Kicheko hupenda zikigombana. Katika The General, filamu ya Keaton ya mwaka 1926, kijana aliyekataliwa na mchumba wake anaketi kwa huzuni kwenye ile nondo inayounganisha magurudumu ya gari moshi. Gari linaondoka. Nondo inampandisha na kumshusha, inampandisha na kumshusha, naye hana habari, amezama mawazoni, mpaka gari linapokaribia kuingia bandani ndipo anashtuka. Mwili wake umetulia tuli huku mashine ikienda. Hakuna mkato wa kuharakisha. Sisi tumeshajua, yeye bado. Ni shoti rahisi kwa macho, lakini magurudumu ya gari moshi la kweli yangeteleza kidogo tu, angekufa.

Nisubiri muda gani kabla ya pigo?

Inategemea nani anajua nini.

Kama mtazamaji anajua na mhusika hajui, una ruhusa ya kuvuta, na kuvuta sana. Katika Modern Times ya mwaka 1936, Charlie Chaplin anateleza kwa viatu vya magurudumu ndani ya duka kubwa usiku, amefungwa kitambaa machoni, huku ukingo wa ghorofa upande mmoja hauna uzio. Anausogelea ukingo, anageuka. Anausogelea tena kwa mgongo, gurudumu linapita pembeni kabisa, anageuka tena kwa madaha. Kila mara ukumbi unavuta pumzi na kuiachia kwa kicheko. Kilicho kizuri zaidi ni kinachofuata. Anapofunguliwa kitambaa na kuuona ukingo, umahiri wote unamtoka, miguu inaanza kutetemeka, na anayumba kuelekea kule kule alikokuwa akikwepa bila kujua. Alipokuwa kipofu alikuwa salama, na macho yalipofunguka ndipo akawa hatarini. Chaplin aliweza kuvuta muda huo wote kwa sababu shoti ya kwanza ilishatuonyesha ukingo ulipo. Baada ya hapo hakuhitaji kutukumbusha.

Kama hakuna anayejua, si mtazamaji wala mhusika, usisubiri. Mshtuko hauvutwi. Unachofanya ni kulituliza jicho kabla: mazungumzo ya kawaida, mtu anatembea, mwendo umepoa kiasi cha kukaribia kuchosha. Kisha mlango unafunguka na kumgonga. Ukiweka muziki wa kuashiria hatari, au kamera ikaanza kusogea taratibu kuelekea mlangoni, umeshamwamsha mtazamaji na amejikinga.

Na kama wote wawili wanajua, kicheko hukaa katika visingizio. Mtu anajua lazima aruke. Anafunga kamba za viatu. Anarudi nyuma hatua tatu. Anakuja mbio, anasimama ukingoni. Anakunja suruali. Hapa mwendo unaongozwa na woga wa mtu, na mhariri anayekata visingizio hivyo ili "kufika kwenye stanti" amekitupa kichekesho akabaki na anguko tupu.

Na baada ya pigo?

Usikate. Huu ndio ushauri unaopingwa zaidi na wanaoanza, kwa sababu kwenye chumba cha kuhariri, ukitazama peke yako kwa mara ya arobaini, sekunde mbili za ukimya huonekana kama kosa. Si kosa. Ukuta ukishaanguka, Keaton anabaki amesimama kitambo. Vumbi linatua. Anaangalia. Ndipo anakimbia. Hapo katikati ndipo ubongo wetu unapoifikia picha, ukaelewa dirisha lilipita wapi, na kicheko kikapata mlango.

Pia kicheko kina sauti. Watu wakicheka hawasikii kinachosemwa, hivyo usiweke neno la maana katika sekunde zinazofuata pigo kubwa. Weka kitendo kidogo kisicho na maneno: mtu anatafuta kofia, anaipata, anaivaa, haina sehemu ya juu. Anayecheka ataiona, asiyecheka hatakaa bure.

Njia ya kupima ni kuwaonyesha watu watano ambao hawajaiona na kuwasikiliza, huku wewe umekaa nyuma yao. Usiwaulize kitu. Kicheko kikikatwa na shoti inayofuata, ongeza fremu (picha moja moja zinazounda filamu). Kikiisha na bado picha imesimama, punguza. Sisi tumejifunza mengi kwa njia hiyo kuliko kwa kubishana.

Mbona kwenye filamu za kimya watu wanakimbia kama wamewashiwa moto?

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na wapigapicha wengi walikuwa wakipiga fremu chache kwa sekunde kuliko zile ambazo baadaye zilioneshwa. Kiwango cha fremu 24 kwa sekunde kilikuja kuwa desturi pamoja na filamu za sauti. Kitu kilichopigwa kwa fremu 16 kikioneshwa kwa 24 kinakwenda kwa kasi mara moja na nusu. Kwa hiyo sehemu ya mbio hizo ni ajali ya mashine mpya kuonyesha picha za zamani.

Lakini sehemu nyingine ilikusudiwa. Mpigapicha wa vichekesho alijua kwamba akipunguza mzunguko wa mpini, watu watapata wepesi usio wa kibinadamu, watageuka ghafla kama vinyago vya kamba, na anguko litapoteza uzito wake wa kuumiza. Ni ile ganzi ya moyo tuliyoitaja, imetengenezwa kwa mkono. Mwongozaji Jamie Uys aliitumia mbinu hiyo hiyo katika The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980, ndiyo maana magari na watu kwenye sehemu za vurumai wanaruka-ruka vile.

Leo wengi hutumia kipimo kidogo, kwa mfano kupiga kwa fremu 22 na kuonyesha kwa 24. Kitendo kinaongezeka kasi kwa takriban asilimia 9 na jicho haliwezi kulitaja kosa, linahisi tu kwamba mtu ana nguvu. Ukizidisha, angalia vitu visivyo watu: nguo, moshi, maji, majani. Ndivyo vinavyokuumbua kwanza.

Mwendo wa polepole hauui kichekesho?

Mara nyingi huua, kwa sababu huipa stanti heshima. Mtu anayeanguka polepole huku muziki ukipanda anakuwa mzuri, na kwa kawaida uzuri huzima kicheko.

Hata hivyo kuna namna unavyofanya kazi vizuri sana. Katika Jackass 3D ya mwaka 2010, filamu ya kundi la marafiki wanaojifanyia vituko vya hatari, zilitumika kamera za Phantom zinazoweza kupiga fremu 1,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, sekunde moja ya maisha inanyooka kuwa kama sekunde 42 kwenye skrini. Kinachoonekana hapo si anguko bali uso: shavu linavyopeperuka kama bendera baada ya kofi, macho yanavyojifunga kabla ya mwenyewe kujua, heshima yote ya binadamu ikimtoka kidogo kidogo. Polepole imekuwa darubini. Tofauti ni kwamba haimkuzi mtu, inamfunua.

Kanuni yetu ni hii: onyesha kwanza kwa mwendo wa kawaida, ili pigo lipate ughafla wake. Polepole ije baadaye, kama marudio, na iwe na jambo jipya la kuonyesha. Kama haina, iache.

Nikate wapi, na mara ngapi?

Mara chache kadiri uwezavyo. Mkato unaoangukia sawasawa kwenye pigo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mtazamaji amezoea kudanganywa hapo. Anajua kwamba ngumi iliyokatwa katikati haikumfikia mtu.

Ikibidi ukate katikati ya kitendo, kuna ujanja ambao wahariri wa filamu za mapigano za Hong Kong waliupenda: shoti ya pili irudie fremu mbili tatu za mwisho wa shoti ya kwanza. Kwa hesabu, kitendo kimetokea mara mbili kidogo. Kwa jicho, ambalo baada ya mkato huhitaji kitambo kujipanga upya, kitendo kimetokea mara moja tu, kwa uzito. Ukikata kwa usahihi wa saa, jicho hulikosa pigo na teke linaonekana jepesi.

Njia nyingine ni kurudia stanti nzima waziwazi. Katika Project A ya mwaka 1983, Jackie Chan anadondoka kutoka mnara wa saa, anapasua vitambaa viwili vya kuzuia jua na kufika chini. Filamu haikuridhika kutuonyesha mara moja, ikatuonyesha tena. Kimantiki ni kosa, kwani mtu haanguki mara mbili. Lakini mtazamaji haghadhibiki, kwa sababu amepewa ushahidi: ni yeye kweli, ni chini kweli. Ruhusa hii itumie mara moja katika filamu nzima, kwa stanti kubwa kuliko zote.

Lenzi inaweza kuifanya stanti ndogo ionekane kubwa?

Ndiyo. Lenzi ndefu huvuta vitu vilivyo nyuma vikaonekana karibu, hivyo gari lililo mita nyingi nyuma ya mtu linaonekana linamgusa visigino. Lenzi pana hufanya kinyume: huongeza kina, hurefusha korongo, na hukuza pua ya aliye karibu na kamera.

Mfano mkubwa wa hesabu ya pembe ni Safety Last! ya mwaka 1923, ambamo mchekeshaji Harold Lloyd ananing'inia kwenye mshale wa saa ya ghorofa huku magari yakipita chini kabisa. Kuta alizopanda zilijengwa juu ya mapaa ya majengo halisi ya Los Angeles, na kamera ikawekwa kwa pembe inayoficha paa na kuonyesha barabara. Chini yake kulikuwa na jukwaa lenye magodoro. Kwa shoti za mbali za kupanda, kazi ilifanywa na mpanda majengo Bill Strother. Pamoja na hayo yote Lloyd alikuwa hatarini, na tangu ajali ya mwaka 1919 mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba wala cha shahada. Barabara ile haikubandikwa baadaye. Ilikuwepo kweli, na ukweli huo ndio unaofanya viganja vya mtazamaji vitoe jasho huku anacheka.

Kamera ya mkononi inafaa?

Inafaa pale mpigapicha mwenyewe ni sehemu ya tukio. Katika filamu za Jackass kamera inatikisika kwa sababu anayeishika anacheka au ameanza kukimbia, nasi tunakuwa kundi moja na walioko pale. Kicheko cha nyuma ya kamera hufanya kazi ya ganzi: kama marafiki zake wanacheka, basi hajafa. Lakini usiitikise kwa makusudi ili kuleta "uhalisia." Mkono unaoigiza kutetemeka hujulikana upesi, na tayari umeshauficha mwili mzima tuliousema.

Sauti nayo?

Sauti ndiyo stanti ya bei nafuu kuliko zote. Mtu anatoka nje ya fremu akiwa na baiskeli. Kamera haimfuati. Tunabaki na ukuta mtupu. Kimya. Kisha kishindo, bati linabingirika, kuku wanapiga kelele, na mwishowe gurudumu moja linarudi ndani ya fremu peke yake, linazunguka, linalala. Mtazamaji amejitengenezea ajali kubwa kuliko yoyote ambayo ungeweza kuipiga picha. Jihadhari tu usiijaze sauti mpaka isiache tundu. Kile kimya kabla ya kishindo kina kazi sawa na kishindo chenyewe.

Ninawezaje kumbadilisha mwigizaji na mtu wa stanti bila mkato?

Tafuta kizuizi ndani ya fremu: nguzo, gari, kochi, lango. Mwigizaji anapita nyuma ya kizuizi upande mmoja, mtu wa stanti aliyevaa nguo zile zile anatokea upande wa pili na kuendelea na mwendo ule ule, anaruka, anabingirika nyuma ya kizuizi cha pili, na mwigizaji wa kwanza anainuka pale akijipangusa vumbi. Kamera haikukata, kwa hiyo jicho linaapa ni mtu mmoja. Siri haiko kwenye nguo, iko kwenye mwendo. Wote wawili wafanye mazoezi ya kutembea kwa hatua za aina moja kabla ya kufikiria kuruka.

Stanti ikiharibika tuipige upya?

Itazameni kwanza. Katika Three Ages ya mwaka 1923, Keaton alipaswa kuruka kutoka paa moja hadi jingine. Hakufika, akaangukia kwenye wavu na kuumia. Alipoitazama picha hakuitupa. Alijenga mwendelezo: anapasua vitambaa vya kuzuia jua madirishani, anashika bomba, bomba linampeleka ndani ya kituo cha zimamoto, anateleza kwenye nguzo yao hadi chini. Kuruka kungefaulu, tungekuwa na mruko mmoja mzuri. Kulipofeli tukapata mlolongo unaochekesha hadi leo, kwa sababu mtu aliyeruka kwa kujiamini na asifike ndiye mtu tunayemjua.

Kuonyesha makosa mwishoni wakati majina yanapita kunasaidia?

Kunasaidia, na kwa namna mbili. Jackie Chan aliichukua desturi hiyo baada ya kucheza katika The Cannonball Run ya mwaka 1981, filamu iliyoongozwa na Hal Needham, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa stanti. Kwa Needham makosa yalikuwa hasa vicheko na kusahau maneno. Kwa Chan yakawa pia machela, damu, na watu wakikimbilia kumwinua. Mtazamaji anayetoka na picha hizo kichwani anagundua kwamba alichokicheka kilimgharimu mtu. Wapo wasiopenda, wakisema inavunja ndoto. Sisi tunaona ni haki kwa waliofanya kazi.

Video ya simu ya wima inafaa kwa stanti?

Kwa kuanguka kutoka juu inafaa sana, kwa sababu urefu wote unaingia. Kwa kukimbizana haifai, kwa kuwa mkimbiaji na mkimbizaji hawakai pamoja ndani ya fremu. Chagua stanti kufuatana na fremu uliyo nayo.

Je, hatari lazima iwe ya kweli?

Uzito lazima uwe wa kweli. Hatari si lazima. Keaton alivunjika shingo wakati wa kupiga Sherlock Jr. ya mwaka 1924, maji ya mnara wa reli yalipomwangukia, na akaja kuligundua hilo miaka mingi baadaye alipopigwa picha ya eksirei. Jackie Chan alipasuka fuvu mwaka 1986 huko Yugoslavia kwa kuruka kwenye tawi la mti, kitendo kidogo kuliko vingi alivyowahi kufanya. Tunawapenda sana, na tungewapenda vile vile bila majeraha hayo. Ukingo ule wa Chaplin haukuwepo. Shimo lilikuwa limechorwa kwenye kioo kilichowekwa mbele ya kamera, naye alikuwa akiteleza kwenye sakafu kamili. Hakuna aliyecheka kidogo kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo anzeni na kutembea. Mpigeni picha mtu akiipita stanti yote kwa hatua za kawaida, bila kuruka, bila kuanguka, kamera ikiwa mahali itakapokuwa siku yenyewe. Mkiitazama na tayari mkacheka, mna stanti. Msipocheka, sogezeni kamera, badilisheni mahali pa kusubiri, tembeeni tena. Na kila aliyepo mahali pa kazi, hata mbeba nyaya, awe na ruhusa ya kusema "simameni" bila kuulizwa kwa nini.